Kituo cha Wanawake wa Ramani Chazinduliwa Ogembo

Hallo. Hallo. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma? (Ndiyo!) Na hapa mbele? (Tunakusikia sana, punguza!)

Mwenyekiti wa shughuli hii, Makamu wa Mwenyekiti, na Mwenyekiti mstaafu ambaye bado hajakabidhi ofisi. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi mliofika, mlio njiani na mliotuma udhuru. Machifu wa huku Kisii na wenzao wa kule Nyamira. Maafisa wenzangu wa Mamlaka ya Uratibu wa Mazingira ya Majengo ya Kanda, wa ngazi ya juu, wa ngazi ya kati na wale ambao ngazi yenyewe bado inatafutwa. Wachungaji wetu wa Kisabato, mapadre na makatekista. Wafanyabiashara wa mjini mkiongozwa na Bwana Haresh, ambaye namwona pale chini ya mwavuli. Wakulima wa chai, wakulima wa ndizi, na wakulima wa vyote viwili. Vijana wa boda boda, ambao naomba mzime injini. Na zaidi ya hao wote, wanawake wasanifu majengo, yaani maarkitekti wetu wa kike, ambao leo ndio maharusi: itifaki imezingatiwa. Kama kuna mtu sijamtaja, ajue nimemtaja moyoni. Mko salama? (Mbuya mono, salama kabisa!) Tena mko salama? (Mbuya mono!)

Kwa faida ya wageni, mimi ni Mheshimiwa Manasseh Ogoti, Naibu Mkurugenzi Mwandamizi Msaidizi, Idara ya Uratibu, Ufuatiliaji, na Ufuatiliaji wa Ufuatiliaji. (Makofi ya maafisa.) Nimekuja kuzindua rasmi, mbele ya mastekiholda wote, yaani wadau, Kituo cha Kikanda cha Umahiri, Uwezeshaji na Utambuzi wa Wanawake Wasanifu Majengo, na kabla sijakizindua ni vizuri mjue maono haya yalitoka wapi, maana kuna watu wanaozaliwa na maono, kuna watu wanaopewa maono kwenye semina, na kuna mimi.

Nilikuwa ng'ambo, katika ziara ya benchimakingi, yaani ya kujifunza kwa wenzetu, nikiwa ndani ya lifti. Mwanamke mmoja akaingia lifti ileile, akabonyeza kitufe, akashuka kabla yangu. Nikajiuliza, kama mwanamke anaweza kupanda jengo mpaka juu namna ile, je, hawezi kulichora? (Vicheko.) Msicheke. Swali hilo lilijadiliwa na kamati ndogo, ikalipeleka kwa kamati kubwa, na utafiti wetu wa kina ukathibitisha kwamba nusu ya watu wa Kisii na Nyamira ni wanawake, na ile nusu nyingine imezaliwa na wanawake, ambayo ukijumlisha, ndugu wananchi, unapata asilimia mia moja. (Makofi, na sauti ya mwanamke: Sawa, endelea!)

Sasa niwasimulie habari ya soko la ndizi la Nyaramba, kwa sababu magazeti yaliiandika vibaya, na watu wa mitandao wakaiandika vibaya zaidi, na hakuna aliyeeleza mchango wangu.

Lorna, simama watu wakuone. (Mwanamke mrefu mwenye sketi ya kijani anainuka kidogo, anaketi.) Huyo ni Lorna Nyangate, binti wa Nyacheki, ambaye mama yake anachuma chai mpaka leo. Amesomea usanifu majengo chuo kikuu, miaka mingi kuliko niliyosomea mimi uongozi, lakini uongozi mimi nilizaliwa nao. Yeye ndiye aliyechora soko la Nyaramba, jambo ambalo mimi, kama kiongozi msikivu, nilikuja kulitambua kwa awamu.

Awamu ya kwanza ilikuwa siku nilipokwenda kukagua ujenzi. Nikashuka garini na msafara wangu. Juu ya zege kulikuwa na mwanamke amevaa kofia ngumu na gambuti, anamwonyesha fundi kitu kwa kidole. Nikamwambia kwa unyenyekevu, "Mama, hebu tuletee chai, na ukipita hapo umwambie arkitekti kwamba Mheshimiwa amefika."

Akaniambia, "Arkitekti ameshajua umefika."

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayemtuma chai." (Vicheko virefu. Mtu anapiga mluzi.)

Cheka tu, ni haki yako ya kikatiba. Lakini mimi nikauliza, "Na chai?" kwa maana kiongozi hapotezi ajenda. Akasema, "Chai iko ng'ambo ya barabara kwa Mama Drusilla, Mheshimiwa. Ila uangalie unapokanyaga, zege bichi hilo." Nikakanyaga. Alama ya kiatu changu ipo pale Nyaramba mpaka leo, na watafiti wa vizazi vijavyo watajua kwamba serikali ilifika.

Mama Drusilla ni yule pale mwenye kitambaa cha manjano. Asubuhi anauza chai, mchana anauza ndizi, na jioni anauza maneno. (Mama Drusilla: Na wewe unayauza saa ngapi? Vicheko.) Asante, Mama.

Basi mimi nilidhani soko ni nguzo na paa. Lakini huyu binti alikuwa anakuja siku za soko, anaketi juu ya majani ya migomba pamoja na akina mama, anauliza maswali ambayo hayamo katika mwongozo wetu wowote. Mvua huku hutokea upande gani? Mtoto mnamlaza wapi? Na ndipo Mama Drusilla akamwambia kwamba kubeba mkungu wa ndizi si kazi, kazi ni kuutua. Mama ametoka shambani na mkungu mgongoni, akifika sokoni ama atafute mwanamume wa kumshushia, na wanaume wa kushusha huwa wanataka kusifiwa, au apige magoti, na ukishafika umri fulani magoti ukiyapiga hayainuki. Lorna akaenda akachora ukuta mpana, mfupi, wa kimo cha kiuno, unaozunguka soko lote kwa ndani. Mama anafika, anageuza mgongo, anaegemea, mkungu unabaki pale, yeye huyo anaenda zake. (Akina mama wa Nyaramba wanapiga vigelegele.) Mimi nilipouona ukuta huo kwenye ramani nilidhani ni kosa la uchapaji, lakini nikaunyamazia, na kunyamaza huko nakuhesabu kama uwezeshaji.

Tuje sasa kwenye kile kilichoitwa mgogoro, ambacho kiutawala tunakiita uoanishaji wa taarifa. Soko lilipokaribia kuisha tuliweka bamba la shaba langoni, na mahali pa msanifu wa jengo pakaandikwa Haron Ochoki. Haron ni mshauri wetu wa mambo ya majengo. Ni kweli ni shemeji yangu, lakini alikuwa mshauri kabla hajawa shemeji, au baada, moja kati ya hayo. (Minong'ono.) Alifika pale mara moja tu, matope yakamvua kiatu, akarudi mjini. Lakini ndugu wananchi, mchango wa mtu haupimwi kwa viatu.

Lorna akaja ofisini kwangu, kofia yake ngumu mkononi. Akasema, "Mheshimiwa, jina lililo kwenye bamba si langu."

Nikamwambia, "Lakini jina lipo. Kuna masoko mengine hayana bamba kabisa."

"Soko nimelichora mimi. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Haron hajui hata mlango uko wapi."

"Binti yangu," nikamwambia kwa upole, "wewe bado hujaolewa. Kesho ukiolewa jina litabadilika. Sasa hiyo shaba tutaibandua mara ngapi?" (Wanawake: Aaaaa! Mwanamume mmoja anasema: Mheshimiwa, hapo umekosea.)

Lilikuwa swali la kiufundi tu! Akanitazama. Hakulia, hakupandisha sauti. Aliweka ile kofia juu ya meza yangu, akasema, "Basi mpe Haron na hii," akatoka. Kofia niliijaribu, ilinitosha vizuri sana.

Kilichofuata sikukiona, ila nimesimuliwa na Purity Bosire, tena mbele ya watu, tena bila kuombwa. Purity ndiye yule anayemnyonyesha mtoto pale chini ya hema. Naye ni arkitekti. Kampuni moja aliyoifanyia kazi ilimwondoa kwenye ujenzi tumbo lilipoanza kuonekana, ikamweka ofisini kuwakaribisha wageni. Anasema Lorna alirudi kwao Nyacheki, akazima simu, akavaa aproni ya mamake, akaingia kuchuma chai. Mamake akamwuliza, "Hii chai nimeichuma miaka yote uiache. Sasa umeirudia ya nini?" Lorna akaendelea kuchuma. (Mtu anakohoa.)

Sasa mkumbuke, wakati huo kulikuwa na kile kikundi. Purity, Lorna, na Ekta, binti ya Bwana Haresh wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Ekta naye ni arkitekti. Wateja wakifika wanamwuliza, "Baba yupo?" Anawaambia, "Baba anauza misumari. Nyumba nachora mimi." Basi wanamwuliza kama ana mume. Hao watatu, na baadaye wenzao wa Kisii na Nyamira, walikuwa wakikutana Jumapili alasiri juu ya duka la Haresh, kwa maana Lorna Msabato ameshapumzika jana yake, Purity ameshatoka misa, na Ekta ameshamaliza sala zake za asubuhi, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ambayo mbingu zote ziliridhia.

Mimi niliposikia kuna wanawake wanakutana kila wiki ghorofani nikaagiza taarifa ya usalama. Afisa akaenda, akarudi, akaniambia, "Mheshimiwa, wanakunywa chai ya tangawizi, wanakosoana ramani, na wanapokezana mtoto wa Purity."

"Na nini kingine?"

"Mmoja akiitwa kikao cha wanaume watupu, mwenzake anamsindikiza. Anaketi kando, hasemi kitu. Lakini mwenye ramani akikatizwa, huyo wa kando anasema, 'Alikuwa hajamaliza.' Halafu ananyamaza tena."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Mheshimiwa. Lakini vikao vimeanza kwenda vingine." Kisha afisa huyo akaniuliza kama binti yake aliye chuoni anaweza kujiunga nao. Nilimhamisha kwa muda. (Vicheko.)

Basi baada ya mambo ya lile bamba Lorna hakuonekana Jumapili ya kwanza, wala iliyofuata. Wakapiga simu, imezimwa. Ekta anasema walikuwa wanaacha kiti chake wazi, na kikao kikawa kinaisha mapema, kila mmoja anarudi nyumbani akijua kwamba kama Lorna amekubali jina lake lifutwe, basi na wao ni suala la muda tu.

Ikafika siku ya kuzindua soko. Ratiba ilisema asubuhi, na mimi nikafika alasiri, kwa mujibu wa ngazi yangu. Ndiyo, nilichelewa! Na historia itaandika kwamba kuchelewa kwangu ndiko kulikoleta maendeleo, maana ningefika mapema haya yote yasingetokea. (Makofi ya kejeli.)

Asubuhi ile Mama Drusilla alifika langoni na mkungu wake, na nyuma yake akina mama wote wa ndizi. Akawakuta Purity na Ekta wamesimama pale wanatazama. Akawauliza, "Msichana wetu yuko wapi?" Ekta akamwonyesha lile bamba. Mama Drusilla hakuwa na miwani, akasema, "Nisomee." Ekta akasoma.

"Haron ndiye nani?"

"Ndiye aliyechora soko, Mama. Kwenye shaba."

Mama Drusilla akatua mkungu wake hapohapo nje ya lango, kwa magoti, akaketi kando yake. "Mimi siingii," akasema. Na wenzake wakatua, mmoja baada ya mwingine, mpaka barabara ya Nyaramba ikawa ya kijani. Kisha akawageukia hao mabinti. "Na nyinyi wasomi mnasimama hapa mnangoja nini? Kamleteni!"

Wakachukua pikapu ya Bwana Haresh, ikiwa bado ina mabati ya mteja nyuma, na mtoto wa Purity katikati yao, wakaikata Nyamira yote na Kisii yote mpaka Nyacheki. Walimkuta Lorna katikati ya michai, kapu mgongoni, vidole vimeshaingia weusi. Purity akamweleza. Lorna akatikisa kichwa. "Sitaki kugombana na wazee hadharani. Watasema mwanamke ana mdomo, na kazi sitapata tena Kisii wala Nyamira."

"Hugombani na mtu," Purity akamwambia. "Unakuja kuketi na akina mama, kama ulivyokuwa ukiketi."

"Na wakinifukuza?"

Ekta si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Tutafukuzwa wote. Panda gari."

Bado akasita. Mamake ndiye aliyekuja kwa nyuma, akamvua lile kapu mgongoni, akalivaa mwenyewe, akaendelea kuchuma. (Wanawake kadhaa wanapangusa macho. Mheshimiwa naye anapangusa kipaza sauti.)

Mimi nilipowasili Nyaramba nikaona umati umeketi nje ya lango. Nikafurahi. Nikajua wananingoja mimi. Nikawapungia mkono kutoka garini. Hakuna aliyepunga. Haron akasimama na mto mwekundu wenye mkasi, mimi nikasimama mbele ya utepe, na mvua ya Nyaramba, ambayo haina adabu kwa cheo chochote, ikaanza.

"Akina mama," nikasema, "ingieni ndani, mtalowa!"

Mama Drusilla akajibu akiwa ameketi, "Tunamngoja mwenyewe, Mheshimiwa."

"Mwenyewe ni mimi."

"Wewe ni mgeni wetu. Karibu uketi." Akanisogezea gunia.

Nikamwambia, "Mama, aliyechora soko hili ni huyu hapa, Bwana Haron."

Akamtazama Haron kuanzia juu mpaka chini. "Huyu? Huyu sijawahi kumwuzia hata kikombe cha chai." (Vicheko. Vigelegele.)

Wakaketi. Mvua ikanyesha. Nami nikanyeshewa, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nilinyeshewa pamoja na wananchi, ingawa nilikuwa na mtu wa kunishikia mwavuli. Haron akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, tuwaambie tu ni yule msichana, twende nyumbani." Nikamwambia asiharibu ajenda.

Ndipo tukasikia mabati yanagongana barabarani, na pikapu ikatokea. Lorna akashuka na ile aproni ya chai, ameshika ukingo wa gari kama mtu asiyejua kama ardhi itamshika. Hakunitazama mimi. Alitazama wale akina mama waliolowa. Na wote wakasimama, ndugu wananchi. Mimi katika utumishi wangu wote watu husimama wakiambiwa wasimame na mwenye kuendesha sherehe. Wale hawakuambiwa.

Mama Drusilla akamshika mkono. "Haya, mwenye nyumba," akamwambia, "tukaribishe."

Nikainua mkasi ili niukate utepe, kwa sababu kila jambo lina utaratibu wake. Mama Drusilla akainama akapita chini ya utepe. Lorna akainama akapita. Purity na mtoto, Ekta, na akina mama wote wa ndizi, wanainama, wanapita, wanageuza mgongo, wanaegemea ule ukuta, wanatua. Ndani ikasikika mvua tu juu ya paa. Halafu mama mmoja akacheka, yaani ile ya kucheka peke yako, kwa kuona mgongo umekuwa mwepesi ghafla bila kumwomba mtu. Wakacheka wote. Lorna alisimama katikati yao ameweka mkono mdomoni, na hapo ndipo alipolia. Hilo sikusimuliwa. Nililiona mwenyewe, kwa juu ya utepe. (Makofi marefu. Lorna anainamisha kichwa. Ekta anamshika bega.)

Haron naye alitaka kupita. Nikamwambia, "Shemeji, ngoja utepe ukatwe." Tulingoja watu warudi kushuhudia ukikatwa, mpaka giza likakaribia.

Siku ya soko iliyofuata akina mama wakamleta mchoraji wa mabango, na ukutani pale, kwa rangi nyekundu inayoonekana kutoka barabarani, akaandika: LORNA NYANGATE NDIYE ALIYECHORA. Mamlaka iliidhinisha jambo hilo kwa njia ya kutoulizwa. Bamba la shaba lilitoweka baadaye. Haron anasema hakulichukua, nami namwamini, kwa maana lilikuwa zito. Lorna akarudi kwenye kazi yake, kiti chake juu ya duka kikakaliwa, na kikundi kikajipa jina, Wanawake wa Ramani. Makanisa yanawaita, shule zinawaita, na hivi majuzi akina mama wa Nyacheki wamewaita wawachoree nyumba ya kupumzikia wajawazito wanaosubiri siku zao karibu na zahanati, ili mtu asishikwe na uchungu juu ya boda boda.

Sasa basi! Kutokana na ushindi huo wangu, Mamlaka imeona kwamba wanawake hawa hawawezi kuendelea kukutana juu ya duka la misumari. Tutawajengea Kituo, hapahapa Ogembo, cha ghorofa nyingi kadiri macho yatakavyoruhusu, chenye lifti, maktaba, ukumbi wa makongamano ya kimataifa, bwawa la kuogelea kwa ajili ya ubunifu, mtandao wa kasi, jiko la kisasa, sanamu ya mwanamke ameshika rula, na pembeni kidogo ofisi yangu, na kitazalisha wasanifu wa kike kwa kiwango cha asilimia mia mbili kwa mwaka, ikiwa ni ongezeko juu ya ongezeko, kulingana na roudimapu ambayo itatengenezwa mara tu tutakapojua tunakwenda wapi! (Makofi ya maafisa.) Na ramani ya Kituo itachorwa na nani? Na Wanawake wa Ramani wenyewe! Bure! Kwa moyo wa kizalendo! (Makofi yanakatika.)

Naona Lorna ameinua mkono. Mpeni kipaza sauti, lakini kwa ufupi.

(Lorna: Asante, Mheshimiwa. Hiki kiwanja ni cha nani?)

Swali zuri sana. Tutalichukua na kulifanyia kazi. Naona na Purity anataka kusema. Purity, mtoto amelala?

(Purity: Amelala, Mheshimiwa. Sisi hatukuomba ghorofa. Tulikuja ofisini kwako tukaomba mambo ya kawaida. Aliyechora jengo aandikwe jina lake. Kila mahali pa ujenzi pawe na choo cha wanawake. Na mwanamke akijifungua, arudi kwenye ramani yake, asirudi kwenye birika la chai.)

Na hayo yote, Purity, yatakuwemo ndani ya Kituo, ghorofa ya...

(Ekta, bila kipaza sauti: Alikuwa hajamaliza.)

(Kicheko kikubwa. Purity: Nimemaliza sasa. Ni kwamba tu, Mheshimiwa, utuwie radhi. Akina mama wa Nyacheki wanatungoja tukapime kiwanja chao, na mawingu yameanza kukusanyika. Lorna, umebeba utepe wa kupimia?) (Wanawake wa Ramani wanainuka. Mama Drusilla anainuka. Akina mama wa ndizi wanainuka.)

Naam, naona wananchi mmesimama kwa heshima ya hotuba. Ketini tu, ketini. (Hawaketi.) Mwenye kuendesha sherehe, waambie waketi. Naona na yeye anakwenda. Mtoto wa Purity anapokelewa na mwenyekiti wa shughuli, sawa, huo ni ushirikiano wa sekta mbalimbali. Bwana Haresh, na wewe? (Haresh: Naendesha pikapu, Mheshimiwa.)

Basi nifupishe. Kurasa hizi zilizobaki zichukuliwe kuwa zimesomwa. Mwanamke juu! (Boda boda zinawashwa.) Nikisema Mwanamke juu, mnajibu Juu zaidi! Mwanamke juu! (Sauti ya afisa mmoja: Juu... zaidi.) Ramani ni ya nani? Ogembo ni ya nani? Maendeleo ni ya nani? Asante, afisa, sauti yako nimeisikia, utaandikiwa pongezi.

Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili wa Kituo hiki, ambao tutaanza kuwatafuta Jumatatu. Namshukuru mkandarasi, yeyote atakayekuwa. Naishukuru kamati ya Kituo, ambayo haijakutana, kwa umoja wake. Nawashukuru wenye hema, ambao naona wameshaanza kung'oa nguzo, na naomba hema hii iliyo juu yangu waiache mpaka nimalize. Na kwa namna ya pekee namshukuru mzee huyu anayekuja na fimbo na ng'ombe wake. Karibu, Mzee. (Mzee: Wewe ni nani, na mbona umesimama kwenye malisho yangu?) Tunatoka, Mzee wangu, tunatoka sasa hivi. Hapana, hakuna kitakachojengwa hapa, ondoa hofu kabisa. Nakuhakikishia kwa niaba ya Mamlaka nzima kwamba hapa halitapigwa hata jembe moja, kwa maana hatuna kiwanja, hatuna ramani, na waliokuwa watuchoree ndio wale wanaopanda pikapu. Waruhusu ng'ombe waingie. Asanteni sana kwa kuja kwa wingi, na Kituo nakitangaza kimefunguliwa. (Ng'ombe wanaingia.)